Ukuta wa Fundi Silasi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Wankyo, binti wa darasa la nne, aliteka maji kisimani, kisha akaketi na bibi yake kuchambua pamba. Waliketi juu ya mkeka mbele ya nyumba yao ya udongo, pale Manyamanyama karibu na Bunda, rundo la pamba likiwa katikati yao. Nyeupe na safi iliwekwa kulia. Yenye madoa, ambayo wakulima huiita fifi, iliwekwa kushoto. Macho ya Bibi Nyangeta yalikuwa yamefifia, lakini vidole vyake havikudanganyika.

"Hili ni jani," alikuwa akisema, akilitoa kwenye fungu la mjukuu wake. "Ukiacha jani ndani ya pamba, wakati wa kupima watanicheka mimi, si wewe."

Hiyo ilikuwa miaka ambayo Waingereza walikuwa wakitawala Tanganyika. Bei ya pamba ilikuwa imepanda, na kila mkulima aliyevuna vizuri alitamani nyumba ya matofali yenye paa la bati. Magesa, baba yake Wankyo, naye aliitamani, lakini si kwa kuringia majirani. Mama yake Wankyo alifariki mtoto akiwa bado mchanga, na Bibi Nyangeta ndiye aliyemlea. Sasa Bibi alikuwa amezeeka. Mvua ikinyesha, nyasi za paa zilivuja hadi kitandani kwake, na kifua kilimbana usiku kucha. Magesa aliapa kwamba mvua za vuli za mwaka ule zisingemkuta mama yake chini ya paa linalovuja. Akauza ng'ombe wake, akabakiza wale wa kulimia tu. Akafyatua matofali, akayachoma. Kilichobaki kilikuwa fundi.

Fundi alikuja mwenyewe. Jioni moja aliingia uani akikokota baiskeli, kofia ya helmeti kichwani na futi ya kukunja mfukoni. Alisema jina lake ni Silasi, kwao ni Mugeta, na kwamba alikuwa amejenga nyumba nyingi Musoma.

"Leseni ya Bomani ninayo," akaongeza, akijipigapiga mfuko wa shati.

Magesa hakusikiliza habari za leseni. Alimuuliza aliingia jandoni mwaka gani.

"Mwaka wa nzige," akajibu Silasi.

"Ehee! Rika langu huyu!" Magesa akaruka kutoka kwenye kigoda chake, akamkalisha mgeni juu yake. "Wankyo, mkimbize yule jogoo mwekundu!"

Msomaji, usimcheke Magesa. Kwa watu wa nchi ile, waliopita jandoni mwaka mmoja ni rika moja, na rika ni zaidi ya urafiki. Mtu wa rika lako akifika haulizwi maswali mengi. Anapewa kigoda, anapewa nyama, na watoto wako wanamwita baba. Basi tangu jioni ile Wankyo akawa anamwamkia, "Shikamoo, baba," na Silasi anaitika marahaba kwa sauti nzito.

Kazi ilianza. Juma lile lile, Mwalimu Felisian alikuwa akiwafundisha wanafunzi wa darasa la nne mambo ya serikali na kazi zake. Akafika kwenye ujenzi.

"Mtu anayechukua kazi ya nyumba nzima, tangu msingi hadi paa, huitwa mkandarasi," alisema. "Huyo huomba leseni Bomani. Leseni ina jina lake, ina namba, na ina mwaka. Mwaka ukiisha, anaomba upya. Basi mwenye nyumba afanye nini kabla ya kumpa kazi?"

Akajibu mwenyewe.

"Amwombe aione. Kisha achukue jina na namba, aende Bomani akaulize kama ni kweli. Kuuliza hakuna malipo. Halafu aende akatazame nyumba aliyoijenga, aongee na mtu anayelala ndani yake. Mwenye nyumba anaijua nyumba yake kuliko fundi anavyoisifu."

Wankyo alirudi nyumbani mbio. Alimkuta baba yake akinoa panga, akamweleza yote. Magesa aliacha kunoa. Uso wake ulibadilika.

"Wankyo, mwaka jana nilisimamishwa na askari sokoni Bunda, mbele ya wakwe zangu. 'Lete karatasi ya kodi!' Nikajipekuapekua mifukoni kama mwizi, watu wananitazama. Karatasi nilikuwa nayo, lakini aibu ile bado ninayo mpaka leo. Sasa unataka nimfanyie hivyo mtu wa rika langu, aliyekula kwangu?"

"Mwalimu amesema..."

"Mwalimu hakuingia jandoni na sisi. Usirudie maneno hayo."

Wankyo akaenda kuweka madaftari yake ndani. Alimpenda baba yake, na hakutaka kumkumbusha aibu ile tena.

Ardhi ya pale ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua zinapoanza. Silasi na vibarua wake walichimba msingi hadi kina cha magoti, wakaanza kupanga mawe. Bibi Nyangeta alifika na fimbo yake, akaiingiza shimoni, akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hapa hamjafika kwenye changarawe. Mume wangu alipokuwa akichimbia nguzo za zizi, alikuwaga anachimba mpaka jembe lilie."

"Mama, hayo yalikuwa mambo ya zizi," Silasi akajibu akicheka. "Hii ni nyumba ya kisasa. Matofali yanashikana yenyewe."

Vibarua wakacheka pia. Magesa akamshika mama yake mkono, akamrudisha kivulini taratibu, kwa kuwa aliona haya mbele ya mgeni.

Kuta zilipanda haraka. Chumba cha kwanza kilipoezekwa bati, Magesa alitaka kiwe cha mama yake, na kitanda cha kamba kikawekwa ndani, kando ya ukuta wa nyuma. Wankyo alilala humo pia, kwenye mkeka. Siku chache baadaye aliona ufa ukutani, juu kidogo ya kitanda. Aliweza kuingiza kidole kimoja. Juma lililofuata viliingia vidole vyote vinne.

Akamwita Silasi. "Baba, tazama. Ufa unapanuka."

Silasi aliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda aonekane akiutazama. Kisha akachukua udongo laini, akausiliba ufa wote, akalainisha kwa kiganja.

"Nyumba mpya hukohoa kidogo, mwanangu. Na wahenga walisemaje? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeshaziba!"

Akaondoka akipiga mbinja. Wankyo alibaki amesimama. Alikuwa na hofu, na aliyemtia hofu alikuwa mtu ambaye ilimpasa amwite baba.

Ilipofika siku ya kuuza pamba ya mwisho ya msimu, Magesa alimchukua binti yake hadi kwenye kituo cha kununulia. Karani wa mizani aliitwa Rafaeli. Kila gunia lililofika mbele yake alilifungua mdomo, akatia mkono hadi begani, akapekua chini kabisa na kutoa pamba ya katikati aitazame juani. Gunia la Magesa lilipofika, akalifanyia vivyo hivyo.

"Rika langu, gunia lako limenenepa," Rafaeli alitania, mkono ukiwa bado ndani. "Mkono wangu haufiki chini."

"Tafuta vizuri, labda utakuta mbuzi!" Magesa akajibu, na watu wote wakacheka.

Wankyo hakucheka. Walipokuwa wamesimama pembeni wakisubiri, alimkaribia baba yake.

"Baba, huyu naye ni rika lako?"

"Sana. Jandoni tulilalia ngozi moja."

"Mbona ametia mkono kwenye gunia lako na hukukasirika?"

"Asipotia mkono atajuaje kilichomo? Zamani watu walikuwa wanaficha mawe. Gunia langu ni safi, nikasirike kwa..."

Magesa hakumaliza. Alimtazama binti yake, kisha akamtazama Rafaeli, ambaye sasa alikuwa na mkono ndani ya gunia la mtu mwingine, naye mwenye gunia akimsimulia habari za harusi ya mdogo wake bila wasiwasi wowote.

"Ufa ule umefika wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Ulizibwa, baba. Leo asubuhi umefunguka tena. Mkono wangu unaingia."

Jioni hiyo, chakula kilipoletwa, Magesa alinawa mikono lakini hakula. Alisema kwa upole, akichagua maneno yake, "Silasi, sikuulizi kwa ubaya. Nataka kuiona leseni yako."

Silasi alijipiga mfukoni, kama alivyozoea. Mkono ukabaki pale pale.

"Nimeiacha Musoma, sandukuni."

"Basi nitajie namba yake."

"Namba? Nani anakumbuka namba, rika langu?"

"Nyumba uliyoijenga Musoma ni ya nani? Kesho lori la pamba linakwenda huko. Nitapita nimsalimie mwenyewe, halafu nifike Bomani."

Silasi alisogeza sahani kando. Alisema ugali umemshinda, akaenda kulala mapema.

Alfajiri, kabla ya lori kuondoka, Wankyo alimshika Bibi mikono yote miwili. "Bibi, nakuomba. Leo usikae chumba kipya. Kaa jikoni mpaka turudi."

"Nitakaa jikoni, mama yangu. Nenda na baba yako, umsomee hayo maandishi ya Bomani."

Musoma walifika jua likiwa bado halijapanda sana. Bomani, karani aliwapokea vizuri. Magesa alikuwa amevua kofia tangu mlangoni, na Wankyo akalazimika kumsemea. Karani aliuliza jina na kazi, akapekua majina ya wenye leseni.

"Silasi wa Mugeta hayumo. Kwenye orodha ya mwaka huu hayumo, ya mwaka jana hayumo pia." Akamtazama Magesa. "Mzee, ungekuja kabla ya kuchimba msingi ungejiepushia mengi. Mwenye leseni aliye karibu ni Hamduni Pazi. Shukeni barabara hii kuelekea ziwani."

Hamduni Pazi alikuwa mtu mfupi, kofia ya kiua kichwani, penseli nyuma ya sikio. Leseni yake ilikuwa imetundikwa ukutani katika fremu ya kioo. Magesa aliitupia jicho kisha akalihamisha haraka.

"Itazame, ndugu yangu," Hamduni akasema. "Nimeitundika ili itazamwe."

Walipomweleza habari zao, alitikisa kichwa. "Silasi namjua. Alikuwa akinichanganyia udongo misimu miwili. Mtu wa nguvu, si mvivu hata kidogo. Lakini hajawahi kusimamisha kona ya nyumba akiwa peke yake. Ardhi yenu ikoje?"

"Mbuga nyeusi."

"Na msingi umeshuka kiasi gani?"

Magesa akainama, akaligusa goti lake.

Hamduni alisimama. Kupitia dirishani aliona mawingu mazito yakielekea upande wa Bunda. "Nani analala humo?"

"Mama yangu mzazi," akajibu Magesa.

"Twende sasa hivi."

Mvua iliwakuta njiani. Ilikuwa ile ya kwanza ya vuli, isiyo na subira, na lile lori la pamba, sasa likiwa tupu, lilipita kwenye matope likiyumba. Magesa aliushikilia ubao wa lori kwa mikono miwili safari nzima. Wankyo alimsikia akinong'ona, mara nyingi, "Yuko jikoni. Yuko jikoni." Naye Wankyo akawa anaitikia moyoni.

Walipofika Manyamanyama mvua ilikuwa imepungua, na uani kulikuwa na watu wengi. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala chini. Bati zilikuwa zimekunjana juu ya matofali. Katikati ya kifusi, akiwa amepiga magoti, Silasi alikuwa anafukua kwa mikono mitupu, vidole vikimtoka damu, ingawa hapakuwa tena na mtu wa kufukuliwa.

"Mama yangu yuko wapi?" Magesa akapiga kelele.

"Tumemtoa," jirani akajibu. "Yu hai. Mguu umevunjika."

Silasi akainua uso uliojaa matope na machozi. "Jikoni kulikuwa kunavuja. Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Mimi ndiye niliyemwambia, mama, ingia ndani, ndani ni kukavu. Niliuamini ukuta wangu, rika langu. Naapa, niliuamini."

Magesa alimpita bila kumtazama. Aliingia nyumba ya udongo, ambako Bibi Nyangeta alikuwa amelazwa juu ya mkeka, akapiga magoti kando yake, akalia mbele ya watu wote. Wankyo hakuwa amewahi kumwona baba yake akilia.

"Niliona haya kumuuliza mgeni, mama," alisema. "Sikuona haya kukulaza wewe chini ya ukuta wake."

Bibi alinyoosha mkono, akamshika kichwa. Wankyo aliketi upande wa pili akaushika mkono mwingine, akalia naye. Usiku ule walimbeba kwa machela hadi zahanati, na alikaa huko mpaka mfupa ulipounga. Aliporudi alitembea kwa magongo, na hakuyaacha tena maisha yake yote.

Silasi hakukimbia. Alipelekwa barazani mbele ya wazee wa nchi, akasema kweli. "Miaka yote nimebeba udongo wa wenzangu. Nilitaka mara moja tu na mimi niitwe fundi. Nilijua nikitaja rika, hakuna atakayeniuliza."

Vijana walipiga kelele apigwe viboko. Magesa akasimama. "Aliyedanganya ni yeye, na hilo atalilipa. Lakini binti yangu aliniambia niulize, nikamnyamazisha. Hilo ni langu."

Baraza likaamua Silasi arudishe malipo yote aliyopokea, na afanye kazi bila ujira chini ya Hamduni mpaka nyumba isimame. Magesa naye hakumpa Hamduni kazi kwa maneno matupu. Alirudi Bomani na jina lake na namba yake, akauliza. Kisha akaenda kwa mwanamke mmoja wa Musoma aliyejengewa na Hamduni zamani, akanywa chai katika nyumba ile huku mvua ikinyesha, macho yake darini.

Msingi wa pili ulichimbwa hadi ukampita Silasi kiunoni. Udongo ulikuwa bado mweusi. Hamduni akasema bado. Silasi akachimba, jasho likimtiririka, bila kunung'unika. Bibi Nyangeta alikuwa ameketi karibu, magongo yamelala mapajani mwake, amefumba macho akisikiliza. Jembe likagonga changarawe, kwaa!

"Limelia," Bibi akasema. "Sasa jengeni."

Nyumba ilikamilika masika yalipokuwa yamepita. Siku ya kuhamia, majirani walikuja, na Rafaeli akaja na chupa ya samli. Bibi Nyangeta alifika mlangoni na magongo yake, akasimama. Hakuingia.

"Fundi Hamduni, mwanangu," akasema, "leseni yako iko wapi?"

Watu wakatazamana. Mtu amemaliza kazi, nyumba imesimama, bado anaulizwa? Lakini Hamduni, aliyekuwa ameitoa leseni kwenye fremu na kuja nayo, alikuwa ameshatia mkono mfukoni. Alimpa kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mkubwa wake maji. Bibi akaipapasa kwa vidole, kisha akampa mjukuu wake.

"Nisomee."

Wankyo akasoma jina, akasoma namba, akasoma mwaka, sauti yake ikisikika uani kote.

"Na Bomani walisemaje?" Bibi akamgeukia mwanawe.

"Nimewauliza, mama. Yumo."

Hamduni akawatazama watoto waliokuwa wamejazana karibu na mlango. "Mmesikia, wanangu? Sikukasirika, na wala sikuona haya. Anayefanya kazi kwa haki hufurahi akiulizwa, maana swali hilo linalinda jina lake. Muulizeni fundi kabla hajachimba. Muulizeni hata kama ni ndugu, hata kama ni rafiki, hata kama amekula kwenu. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni. Na msiishie kwenye jibu lake, nendeni mkahakikishe wenyewe."

Magesa aliweka mkono begani mwa binti yake. "Huyu aliniambia hayo mapema," akasema mbele ya wote. "Mtoto akisema kweli, mkubwa amsikilize. Mimi nimejifunza kwa mguu wa mama yangu."

Nyuma ya watu, Silasi alikuwa ameinamisha kichwa, futi ya Hamduni mkononi. Alikuwa ameomba kubaki naye, ajifunze kazi tangu mwanzo, na Hamduni alikuwa amemkubalia.

Bibi Nyangeta aliingia chumbani. Alisogea hadi ukuta wa nyuma, akaegemeza gongo moja, akapitisha kiganja juu ya ukuta polepole, kutoka kona hadi kona, kama alivyotafuta majani ndani ya pamba. Wankyo alisimama mlangoni akimsubiri, mkeka kwapani.

"Leta huo mkeka," hatimaye Bibi akasema. "Leo tutalala."